Mwanangu anaunda ndege ya umeme na haipai: nimkataze?

"Nina kijana wa miaka 14, tunakaa Langoni, Lamu. Tangu likizo ya Desemba hana kazi ila ndege. Alichukua boksi la foam la kuwekea samaki akakata mabawa na mwili, akafungua redio kaseti ya marehemu babu yake akatoa mota, na rafadha, ile pangaboi ya puani, akaichonga mwenyewe kwa mbao. Alianza na mawe manne madogo ya tochi, yaani betri kavu. Mota inazunguka, na ukiweka mkono mbele unasikia upepo, lakini akienda kuirusha kwenye vilima vya mchanga kule Shela inatia pua chini papo hapo. Fundi mmoja wa redio alimwambia tatizo ni nguvu, aongeze mawe. Akaongeza yakawa manane, hali ni ile ile. Sasa amekusanya betri za simu kuukuu, amefunga tatu pamoja, na juzi moja imefura kama kitumbua na chumba kizima kikanuka dawa. Watu wananiambia nimkataze, kwamba ndege ya umeme ni mambo ya hizi droni za juzijuzi na haiundiki kwa vitu vya kuokota. Sitaki kumvunja moyo, na pia sitaki nyumba iungue. Je, kweli haiwezekani?"

Dada yangu, ndani ya swali lako mna mambo mawili, na haraka yake si moja. La ndege linaweza kungoja hadi Jumamosi. La betri haliwezi, kwa hiyo naanza nalo.

Ile betri iliyofura itoe ndani ya nyumba leo hii. Msiitoboe ili itoe hewa, msiibonyeze irudi, wala msijaribu kuichaji muone kama bado inafanya kazi. Ndani ya betri ya simu mna tabaka nyembamba za madini zilizokunjwa pamoja, na baina yake kuna utando mwembamba sana uliolowa dawa inayoshika moto. Dawa hiyo ikiharibika, kwa joto, kwa uzee au kwa kuchajiwa kupita kiasi, inatoa gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyoivimbisha. Utando ukipasuka, pande mbili zinagusana, umeme wote unatoka kwa mpigo mmoja na dawa inawaka. Moshi wake ni sumu. Chukueni chungu au mkebe wa bati, tieni mchanga mkavu, lazeni betri ndani yake, na mkebe uacheni bila kifuniko, nje, mbali na makuti. Kisha mtafuteni fundi wa simu anayepokea betri mbovu. Isitupwe jaani, maana jaa letu mara nyingi huchomwa moto. Wewe wa Langoni sina haja ya kukueleza vichochoro vilivyo vyembamba na moto unavyovuka kutoka paa hadi paa.

Yaelekea imefura kwa sababu ya zile tatu kufungwa pamoja. Betri ya simu ikijaa ina volti 4.2, ikiisha inashuka hadi kama volti 3. Ukifunga iliyojaa na iliyokwisha chanya kwa chanya, iliyojaa inaimiminia mwenzake bila kipimo, kama maji ya jabia la juu yanavyoshuka kwenye la chini ukizibua mfereji. Na ukizifunga kwa mfuatano, ile iliyochoka inaisha kwanza, kisha zile mbili zinaendelea kuisukuma hali ya kuwa tupu, nayo inaharibika ndani. Njia zote mbili ni mbaya kwa betri ambazo umri wake si mmoja. Mimi mwenyewe niliunguza meza ya baraza yangu hapa Malindi kwa kutumia chaja ambayo haikuwa ya betri ile. Nilikuwa nimeingia ndani kunywa chai tu, na niliporudi ubao ulikuwa umeshatoboka. Tangu siku hiyo sichaji betri ya lithiamu ila juu ya sakafu ya saruji nami nimekaa karibu, na usiku sichaji kabisa.

Kama kijana alivuta ule moshi na sasa anakohoa au kifua kinambana, mpeleke hospitali leo, msisubiri. Dawa ya betri ikimgusa jicho au ngozi, osheni kwa maji mengi kwa robo saa nzima, kisha mwende hospitali. Kama ilikuwa harufu tu na hana tatizo lolote, fungua madirisha, na betri zote za simu alizonazo zichukue uziweke wewe.

Hilo ndilo katazo pekee ninalokuomba umwekee. Ndege asikatazwe.

Hao wanaosema ni mambo ya juzijuzi hawajapata habari kamili. Tarehe 30 Juni 1957, nchini Uingereza, Kanali H. J. Taplin alirusha ndege ya mfano iitwayo Radio Queen, ikiongozwa kwa redio na ikivutwa na mota ya umeme. Hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa safari ya kwanza ya aina hiyo iliyoandikwa rasmi. Satelaiti ya kwanza ya dunia, Sputnik, ilikuwa bado haijarushwa. Ilipaa mwezi Oktoba mwaka ule ule. Na vitu hivyo viwili vilifanana kwa jambo moja: vyote vilibeba betri za madini ya fedha na zinki. Zilikuwa ghali mno, lakini hazikuwapo nyingine zenye umeme mwingi kiasi kile kwa uzito mdogo. Mota haikuwa tatizo. Mota za umeme zilikuwapo tangu karne ya kumi na tisa. Tatizo lilikuwa mzigo wa kile kinachoilisha mota.

Miaka mitatu baadaye, 1960, kampuni ya Graupner ya Ujerumani ikauza ndege ndogo iitwayo Silentius, iliyobuniwa na Fred Militky. Huyu alikuwa amehangaika na jambo hili kwa miaka mingi. Alipunguza uzito wa kila kitu, akatafuta mota ndogo nyepesi, akaitia giya ili rafadha iende polepole na kwa nguvu, akaiacha ndege iruke yenyewe bila redio. Militky huyo huyo ndiye aliyekuwa nyuma ya ndege iliyopaa Austria tarehe 21 Oktoba 1973 ikiwa na mtu ndani, rubani Heino Brditschka, kwa umeme wa betri peke yake. Ilikaa angani kwa dakika zisizofika hata 15, lakini ilipaa. Na mwaka uliofuata, tarehe 4 Novemba 1974, huko California, ndugu wawili wa ukoo wa Boucher walirusha ndege isiyo na rubani, Sunrise, iliyokula umeme wa jua.

Nimekutajia watu hawa kwa sababu kijana wako amegonga ukuta ule ule waliougonga wao. Pesa za Taplin hana. Njia ya Militky iko wazi kwake, na kwa foam ya boksi la samaki anaanza na kitu chepesi kuliko vingi alivyokuwa navyo Militky.

Sasa tuingie kwenye ndege yenyewe, na hapa umwite akae karibu msome pamoja.

Kosa la kwanza liko katika ushauri wa yule fundi, ingawa nia yake ilikuwa njema. Mota ya redio kaseti si mota ya kawaida. Kazi yake ni kuvuta utepe kwa mwendo usiobadilika, ili sauti isivutike wala isikimbie. Kwa hiyo nyuma yake, ndani ya kile kikopo cha bati, mna saketi ndogo inayoshika mwendo: nyingi hukaa kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika. Ukiipa volti 6 inazunguka hivyo, ukiipa volti 12 inazunguka hivyo hivyo, maana ndivyo ilivyoumbwa. Kijana aliongeza mawe manne na mota haikupata chochote. Kilichoongezeka ni uzito tu. Yale mawe manane madogo peke yake yanakaribia gramu 140.

Tena fanyeni hesabu hii kwa kalamu. Mizunguko 2,400 kwa dakika ni mizunguko 40 kwa sekunde. Rafadha ni kama parafujo inayojipenyeza hewani: kwa mchongo wa kawaida wa rafadha ndogo, kila mzunguko inasogea kama sentimita 10. Mara 40, unapata mita 4 kwa sekunde. Ndege ya foam ya ukubwa wake inahitaji kwenda kama mita 6 kwa sekunde ili bawa lake liibebe. Maana yake ni kwamba ndege ikirushwa kwa mkono inakwenda mbio kuliko rafadha yake, na rafadha, badala ya kuivuta, inaizuia. Ule upepo alioupata kiganjani ni wa kweli, lakini ni upepo wa feni, na feni haijawahi kuondoka mezani.

Kinachoiinua ndege ni bawa. Hapa watoto wa Lamu wana faida ambayo wenzao wa bara hawana, maana wameona mashua inavyobisha, yaani inavyokwenda kuelekea upepo unakotoka. Tanga la mashua inayokwenda kwa kubisha halisukumwi kutoka nyuma. Linaikata hewa kwa pembe, hewa inapinda, na katika kupinda huko inalivuta tanga upande. Bawa ni tanga lililolazwa. Likipewa mwendo na pembe ndogo, linavuta juu. Kazi ya mota ni kuushika mwendo huo usife, basi.

Na mwendo huo una bei yake, ambayo inaweza kuhesabiwa. Chukua ndege ya gramu 300. Ndege ya foam iliyoundwa vizuri kiasi, ukiiachia bila mota, inashuka mita 1 kwa kila mita 6 inazokwenda mbele. Hiyo maana yake ni kwamba hewa inaikinza kwa sehemu moja ya sita ya uzito wake, yaani gramu 50. Habari njema hiyo: rafadha haina haja ya kuvuta gramu 300, hamsini zinatosha isishuke. Mvuto wa gramu 50 kwa mwendo wa mita 6 kwa sekunde ni kazi ya wati 3 hivi. Lakini rafadha ndogo inapoteza karibu nusu ya inachopewa, na mota ndogo nayo nusu, kwa hiyo betri inatakiwa itoe wati 12. Hizo ni za kutoshuka tu. Ili ndege ipae, mimi huhesabu wati 100 kwa kila kilo moja, kwa hiyo gramu 300 zinataka wati 30. Mota ya kaseti haili hata wati 2.

Ukiongeza betri ili upate nguvu, uzito nao unataka nguvu zaidi, na unataka kwa pupa. Ndege ikiwa nzito mara mbili kwa bawa lile lile, lazima iende mbio zaidi ndipo ibebeke, na nguvu inayotakiwa inapanda karibu mara tatu. Hapo ndipo wengi walipokwama kabla ya 1957, na mimi nilikwama hapo hapo nikiwa kijana. Nilikuwa na ndege ya karibu kilo moja, ya mbao za sanduku la chai, na kila ilipoanguka niliongeza jiwe jingine la tochi. Jioni moja nikaudhika, nikang'oa mota, mawe na nyaya zote, nikautupa mwili mtupu kutoka juu ya ukuta wa ufuo. Ukaenda. Uliteleza juu ya mchanga hadi karibu na mitumbwi, na mimi nikabaki nimeshika ule mfuko wa mawe mkononi. Nilikuwa nimeshaunda ndege miezi mitatu nyuma, nikawa naizika kwa betri.

Kwa hiyo naomba Jumamosi afanye vivyo hivyo. Atoe kila kitu. Aende Shela alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka. Mita 6 kwa sekunde ni chini ya kilomita 22 kwa saa, na kaskazi ya mchana au kusi ikishika kasi hiyo, ndege itasimama hewani au irudi nyuma, na hatajifunza kitu. Mahali pa mota, puani, atie kipande cha udongo au misumari yenye uzito sawa na mota. Atafute mizani kwa kuinua ndege kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa: inatakiwa itulie vidole vikiwa kama theluthi moja ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele. Kama bawa lina upana wa sentimita 15, basi ni sentimita 5. Aisukume mbele kwa usawa wa bega, kama mtu anayesukuma droo, asiirushe juu. Ikitia pua chini, apunguze uzito mbele au ainue kidogo ukingo wa nyuma wa mkia, milimita moja au mbili. Ikipanda, ikasita, kisha ikaanguka, aongeze uzito puani. Anayejua kurekebisha kamba za tiara hadi itulie, hiyo kazi haitamshinda, maana jicho ni lile lile. Siku itakapotoka begani na kutua hatua tisa au kumi mbele yake kwa upole, ana ndege. Asiguse mota kabla ya siku hiyo.

Baada ya hapo ndipo umeme, na nataka nikueleze njia moja ya zamani ambayo naipenda kuliko zote kwa mtoto wa umri wake. Betri inabaki chini. Ndege inazunguka mti, yaani fimbo iliyosimamishwa, imefungwa kwa nyaya mbili nyembamba zinazoleta umeme kutoka katikati. Wapenzi wa ndege za mfano huko Ulaya waliitumia sana, hata ndani ya kumbi za shule, kwa sababu inaondoa lile tatizo la uzito wa betri kwa mara moja. Na hapa sasa ushauri wa fundi wa redio unakuwa sahihi kabisa: weka mawe makubwa ya tochi, manne, hata yawe mazito namna gani, maana hayaruki.

Ndege ya namna hii ni ndogo. Ubawa wa sentimita 45 kutoka ncha hadi ncha, upana sentimita 10, foam nyembamba, mgongo wake ni kipande cha upongoo kilichokwanguliwa, na kwenye ukingo wa bawa chelewa moja iliyobandikwa kwa gundi isiyoyeyusha foam (ajaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, maana supagluu nyingi huila foam ikabaki shimo). Mota iwe ya gari la kuchezea, ile ndogo yenye ubavu bapa, haifiki gramu 20, nayo bila mzigo hupita mizunguko 8,000 kwa dakika. Rafadha ya sentimita 10 au 12 aichonge upya kwa mti mwepesi usiopasuka, pande mbili ziwe na uzito sawa hadi ikae bila kuelemea kwenye msumari. Ndege nzima isizidi gramu 50. Aipime kwa mizani ya duka la viungo, na kila kinachoizidisha akikwangue. Mti wa balsa, unaosifiwa na waundaji wa ndege kote duniani, ni jamii moja na msufi na mbuyu wetu, na wepesi wa mbao za msufi si jambo geni kwa mafundi wa pwani. Akipata kipande kikavu, akijaribu.

Mti wa katikati ni fimbo ya mita moja iliyosimamishwa kwenye ndoo ya mchanga. Nyaya zitoke kwenye koili ya feni iliyoungua: waya wa shaba uliopakwa vanishi, unene milimita 0.3. Kutoka mti hadi ndege mita 2.5, kwenda na kurudi ni mita 5, na waya huo wote una uzito wa gramu 3 tu. Unakula umeme kidogo: ukipita ampea 1, njiani inapotea kama volti 1.2. Mawe manne ni volti 6, yenyewe yanalegea kidogo yakipewa kazi, kwa hiyo mota inapata kama volti 4. Hizo ni wati 4 kwa gramu 50, ni tele. Uzi wa kuvulia ufungwe sambamba na waya ili ndio ubebe mvuto, waya usikatike. Ncha za waya akwangue ile vanishi kwa wembe mpaka shaba ing'ae, la sivyo atalaumu mota siku nzima. Nyaya zitajisokota juu ya mti. Aache urefu wa ziada, aende mizunguko 10, kisha aigeuze ndege izunguke upande wa pili zijisokotoe. Baadaye akitaka kuunda pete mbili za shaba zinazogusana na vibati ili isijisokote kabisa, atakuwa anaunda kwa mkono wake kitu kinachofanana na kile kilichomo ndani ya mota yenyewe.

Mtu wa swichi akae katikati karibu na mti. Wengine wote wawe nje ya duara, na watoto wadogo wakae chini, kwa sababu rafadha inapita kwa urefu wa macho yao. Mota iende nusu dakika, ipumzike. Ikiwa kidole hakivumilii kuishika kwa hesabu ya tano, imepata joto mno. Ndege itaanza kwa kuburura tumbo, itajiinua pua, kisha itaondoka chini, na kila mzunguko utachukua sekunde tatu hivi. Ua wa shule asubuhi ya Jumamosi unafaa, au ufuo maji yakiwa yamepwa na mchanga umekauka.

Kabla hajaifunga mota yoyote kwenye ndege, aipime. Chupa ijazwe mchanga iwekwe juu ya mizani, mota ifungwe mdomoni mwa chupa, rafadha igeuzwe ili ipulize hewa juu na isipulize mizani. Gramu zinazoongezeka mota ikizunguka ndizo mvuto wake. Kwa ndege ya gramu 50, nataka aone walau gramu 20. Mota ya marehemu babu naomba mkaihifadhi, iliumbwa kwa kazi nyingine na huenda redio ile ikaimba tena.

Najua atauliza kuhusu rimoti, hakuna asiyeuliza. Siku hizi kuna mota zisizo na brashi na betri za lithiamu za kubapa ambazo zinatoa nguvu ambayo Taplin hakuiota, na seti nzima huagizwa kutoka Mombasa au Nairobi. Kama haja yake ni kuona kitu angani wiki ijayo, hiyo ndiyo njia fupi. Lakini nikuambie bila kuficha: sehemu kubwa ya gharama ni betri, chaja yake maalumu na vipuri vya kuanguka, na betri hizo ni jamii moja na ile iliyofura chumbani kwenu, tena zina nguvu zaidi. Mtoto wa miaka 14 asizichaji peke yake. Mimi ningengoja mpaka ndege ya kuzunguka mti iwe inaruka kila anapotaka, na mpaka apatikane mtu mzima wa kukaa naye, mwalimu wa fizikia au fundi anayejua kulehemu vizuri, amwone kwa macho akifunga betri na chaja. Hilo si la kuelezwa kwa maandishi.

Na liko la sheria. Vyombo vya kuruka visivyo na rubani vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, kwa kanuni za mwaka 2020, na nyinyi mna uwanja wa ndege wa Manda ng'ambo tu ya mlango wa bahari. Kabla ya kurusha chochote cha rimoti, ulizeni mamlaka hiyo, na mwende pia kwa chifu na kituo cha polisi, maana Lamu ina masharti yake ya usalama. Ndege iliyofungwa kwenye ndoo ya mchanga uani kwa shule haina safari hiyo. Ruhusa ya mwalimu mkuu inatosha.

Akimaliza ile ya kuzunguka mti na bado inaburura tumbo, aniandikie namba tatu: uzito wa ndege kwa gramu, gramu za mvuto alizoziona kwenye mizani, na volti zilizofika kwenye mota inapozunguka, zipimwe kwa mita ya fundi zikiwa kwenye ncha za mota wala si kwenye mawe. Kwa hizo tatu nitajua palipo kosa.